Sinki la jikoni linaziba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Mwanza

Majibu haya ni ya mtu aliyesimama mbele ya sinki lililojaa maji ya vyombo na hajui aanze na nini. Yameandikwa kwa kufuata nyumba za Mwanza zilivyo: zile za juu ya mawe kama Isamilo, Mabatini na Igogo, na zile za tambarare karibu na ziwa. Sinki na karo la kuoshea vyombo humu ni kitu kimoja, kwa sababu mabomba yake hayatofautiani.

Maji yanashuka polepole sana. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua mzibo uko wapi kabla hujagusa chochote. Wengi hukimbilia dawa ya kumwaga, na dawa hiyo huishia kukaa juu ya mzibo bila kuufikia.

Fungua maji ya bafuni, kisha mwaga ndoo moja chooni. Kama kote kunashuka vizuri na jikoni tu ndiko kunakosumbua, mzibo uko kati ya sinki na gali-trapu, yaani kile kishimo kidogo chenye wavu nje ya ukuta wa jiko. Kama bafuni nako maji yanatuama, au ukimwaga maji chooni sinki linatoa mlio, tatizo liko mbele zaidi: kwenye chemba (kile kisanduku cha kukagulia bomba chenye kifuniko, nje ya nyumba), kwenye bomba kubwa la inchi 4, au shimo la majitaka limejaa.

Kisha toka nje, inua wavu wa gali-trapu na umwambie mtu amwage beseni la maji jikoni. Maji yakifika kwa nguvu na gali ikafurika, mzibo uko mbele ya gali. Yasipofika, au yakifika kwa kuchuruzika tu, mzibo uko nyuma yake, upande wa sinki. Kipimo hiki huchukua dakika 2 na huokoa kazi ya nusu siku.

Pampu ya mpira ya kuzibulia nimeitumia na haikusaidia. Nilikosea nini?

Mara nyingi kosa ni hewa. Pampu hufanya kazi kwa kusukuma maji, na maji hayabonyei. Ukiisukuma sinki likiwa tupu, unasukuma hewa, na hewa hubonyea tu ikarudi. Acha maji ya kina cha sentimita 5 hadi 8, mpira wote uzame.

Kosa la pili ni matundu yaliyo wazi. Sinki lenye mabakuli mawili linatumia trapu moja, kwa hiyo ukisukuma bakuli hili nguvu inatokea lile. Ziba bakuli la pili kwa kitambaa kilicholowa na mtu alikandamize. Tundu la kuzuia sinki kufurika, lile la pembeni juu, nalo lizibwe vivyo hivyo.

Sukuma na kuvuta mara 15 hadi 20 bila kunyanyua mpira, kisha mara ya mwisho uvute ghafla. Kuvuta ndiko kunakozibua kuliko kusukuma, kwa sababu uchafu hurudi nyuma na kulegea badala ya kujikandamiza kwenye kona. Rudia mara tatu. Kama hakuna mabadiliko, acha, fungua trapu.

Trapu ni ipi, na naifunguaje bila kuivunja?

Ni lile bomba lililojipinda chini ya sinki, au kikopo cha plastiki chenye kitako cha kuzungusha. Kazi yake ni kubakiza maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7 ili harufu na mende wa shimoni wasipande jikoni. Kwa kuwa maji hutuama hapo, mchanga na mabaki ya chakula nayo hutuama hapo.

Weka ndoo chini kwanza. Vaa glavu. Kama umeshamwaga dawa yoyote ya kuzibulia, usifungue bila kukinga macho, na mweleze hivyo mtu yeyote anayekuja kukusaidia. Fundi wengi wameungua mikono kwa sababu mwenye nyumba alinyamaza.

Nati za plastiki zimetengenezwa kufungwa na kufunguliwa kwa mkono. Zungusha kinyume cha mwendo wa saa ukitazama nati kutoka upande wake wa kufungulia. Ikiwa ngumu, funga kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli ukishike hicho. Hushika vizuri na hakikwaruzi. Spana ya bomba ni ya mwisho kabisa, na uishike taratibu, maana plastiki iliyokaa miaka mingi hupasuka.

Toa uchafu, sugua ndani kwa brashi na sabuni ya unga, na uangalie washa, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja. Iliyobapa, iliyokauka au iliyokatika ibadilishe. Usijaribu kuifidia kwa kukaza zaidi. Washa yenye upande mwembamba ielekeze upande huo ndani ya maungio. Rudisha nati kwa mkono hadi ishike, ongeza robo ya mzunguko, basi. Jaza sinki nusu, achia maji yote kwa mpigo, na upitishe karatasi kavu ya chooni kwenye kila maungio. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Trapu ni safi lakini bado maji hayaendi.

Basi mzibo uko kwenye bomba la ukutani, na kwa kawaida ni kwenye kona ya kwanza au ya pili. Hapa kuna vifaa viwili vinavyofaa.

Cha kwanza ni waya wa springi wa kuzibulia. Wa milimita 6 hadi 8 wenye urefu wa mita 5 unatosha jiko la kawaida. Uingize kupitia bomba la ukutani baada ya kuondoa trapu. Kuupitisha kwenye trapu ni kujitesa. Ukigonga kitu kigumu, usisukume. Zungusha mpini huku ukiusogeza kidogo kidogo. Kona hupitika kwa kuzungusha, na mafuta yaliyoganda hutoboka na kujisokota kwenye ncha. Vuta nje, futa, rudia mpaka ncha itoke safi, kisha mwaga ndoo nzima ya maji ya moto kiasi.

Cha pili ni bomba jeusi la plastiki la nusu inchi, lile linalouzwa kwa mzunguko. Kata mita 6, lainisha ncha yake kwa msasa isikwaruze, uliingize kutokea upande wa gali-trapu kurudi jikoni. Likifika kwenye mzibo, liunganishe na bomba la maji na ufungue. Maji yanayopigwa kutoka chini hulegeza mafuta na kuyarudisha kwako nje, mahali unapoweza kuyaokota. Njia hii tunaipendelea kuliko nyingine zote pale gali ilipo karibu.

Nondo usitumie. Nondo haikunji kona, inaitoboa. Elbo, yaani kiungo cha kona, iliyotobolewa ndani ya ukuta huvuja kimya kimya, na utaijua miezi baadaye rangi inapobanduka na ukuta kuota ukungu.

Je, kostiki soda au tindikali zinafaa?

Kostiki soda hugeuza mafuta kuwa sabuni, ndiyo maana watengeneza sabuni huitumia. Tatizo ni kwamba katika bomba lililoziba kabisa haitembei: inatulia mahali pamoja, inachemka kwa joto lake yenyewe, na sabuni inayotokea inaweza kuganda kuwa tofali jeupe gumu kuliko mafuta ya mwanzo. Joto hilo pia hulegeza PVC, ile plastiki ya mabomba. Ikigusa alumini, kama sufuria iliyoachwa ndani ya sinki, hutoa gesi inayowaka.

Kama bomba bado linapitisha maji polepole na unaamua kuitumia, weka maji baridi lita 3 kwenye ndoo ya plastiki, kisha mimina kostiki vijiko vya chakula 3 taratibu ndani ya maji. Usifanye kinyume, maana maji yakimwagwa juu ya kostiki hulipuka na kuruka usoni. Koroga kwa mti, mimina, subiri dakika 20, suuza kwa ndoo mbili.

Tindikali ya betri na ya kusafishia vigae iache kabisa. Haiyeyushi mafuta. Inakula saruji ya chemba na chuma cha sinki. Na popote ilipomwagwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, tindikali ikifuata hutoa gesi ya klorini, ambayo katika jiko dogo lenye dirisha moja inaweza kuua. Usichanganye dawa mbili kwenye sinki hata kama ya kwanza uliimwaga jana.

Na magadi ya kuokea pamoja na siki?

Povu lake linaonekana kazi, lakini vitu hivyo viwili huuana nguvu, na kinachobaki ni karibu maji ya chumvi tu. Husaidia harufu kidogo. Mzibo hauzibui.

Maji yanayochemka je?

PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 75 hivi, na washa za mpira huharibika mapema. Maji yaliyotoka kuchemka changanya na baridi, nusu kwa nusu. Yakiwa ya moto kiasi ambacho mkono hauvumilii lakini hayatoi mvuke mwingi, yanatosha kulainisha mafuta. Yamwage kwa mpigo, ndoo nzima. Ukiyachuruzisha yanapoa kabla ya kufika kwenye kona.

Kwa nini linaziba kila baada ya miezi michache? Tunatumia uangalifu.

Tazama kinachooshwa, maana jiko la Kanda ya Ziwa lina vyake.

Dagaa wengi huanikwa juu ya mchanga kule mialoni. Ukiwaosha kwenye sinki, kilo moja inaacha mchanga wa kutosha kufunika kitako cha trapu. Mchanga peke yake usingekuwa shida kubwa. Shida ni kwamba unakutana na mafuta, na viwili hivyo vikishikana huwa kama zege. Osha dagaa kwenye beseni, acha mchanga utulie, mimina maji ya juu, na mchanga utupe nje kwenye udongo.

Magamba ya sato ni mapana na bapa. Yanajipanga kwenye ukuta wa bomba moja juu ya jingine kama vigae, hasa ndani ya bomba la mikunjo. Sangara ana mafuta mengi mwilini. Hayagandi haraka kama ya ng'ombe, lakini yananata, na yanabeba kila unga unaopita. Samaki apaliwe na kutolewa matumbo nje ya sinki. Hili tunalirudia kwa kila nyumba, na linapofuatwa, mizibo hupungua kuliko baada ya kubadilisha bomba lolote.

Ukoko wa ugali, uwe wa dona au wa udaga, hulowa na kuvimba ndani ya bomba. Loweka sufuria, kwangua ukoko uwape kuku au uutupe, ndipo uoshe. Majani ya chai hayaozi upesi na hujaza trapu. Halafu kuna majivu na mchanga wa kusugulia sufuria zilizopikiwa kuni: sugulia nje, suuzia nje.

Mafuta ya kukaangia ndiyo baba wa haya yote. Yale yanayoganda, ya mawese au ya kimbo, hukamata ukuta wa bomba usiku mmoja tu jiko likipoa. Ya pamba na alizeti hayagandi, lakini yakichanganyika na wanga huwa utando. Yapoze, yamimine kwenye kopo lenye maranda au majivu makavu, likijaa lipeleke kwenye taka. Sufuria ipanguse kwa karatasi kabla maji hayajaigusa.

Jambo la mwisho ni mgao wa maji. Maji yakiwa machache tunasuuza kwa kikombe, na kikombe hakina nguvu ya kusukuma chochote. Kinapeleka uchafu hadi kona ya kwanza na kuuacha. Tunza maji ya suuzo ya mwisho kwenye beseni, na ukimaliza vyombo yamwage yote kwa pamoja. Lita 10 za mpigo mmoja husafisha bomba kuliko lita 30 za kuchuruzika.

Sinki linatoa mlio wa kugugumia na baadaye jiko linanuka, lakini halijaziba. Kwa nini?

Swali hili huulizwa sana na wanaoishi mlimani, na jibu lake mafundi wengi hawalitoi.

Nyumba ikiwa juu ya jiwe, bomba la jikoni hutoka ukutani na kuanguka wima mita 2 au 3 hadi kwenye chemba iliyo chini. Maji yanayoanguka yakijaza bomba jembamba la inchi moja na nusu, yanavuta hewa nyuma yake kama sindano ya kuvutia dawa. Hewa isipopatikana kwingine, inavutwa kupitia trapu, na maji ya trapu yanaondoka nayo. Mlio unaousikia ni hewa ikipita. Baada ya hapo trapu ni tupu, na shimo lote linapumulia jikoni kwako.

Kupima ni rahisi. Mwaga beseni, subiri dakika moja, mulika kwa tochi ndani ya trapu au ingiza kijiti. Kijiti kikitoka kikavu, umepata jibu.

Dawa yake ni hewa. Weka tii, yaani kiungo chenye umbo la T, mahali bomba linapoanza kushuka wima, na kutoka kwenye tii pandisha bomba la inchi moja na nusu hadi juu ya ukingo wa paa, likiwa na kofia ya wavu kuzuia ndege na nyuki. Kama ukuta hauruhusu, badilisha kipande kinachoshuka kiwe cha inchi 2 au zaidi ili maji yasijaze bomba lote. Kubadilisha trapu kwa nyingine ya aina ileile hakutasaidia kitu, hata ikiwa ya bei kubwa.

Kama trapu ina maji na bado kuna harufu, kagua pale bomba la sinki linapoingia ukutani. Mara nyingi limechomekwa tu, na mwanya umeachwa wazi kuzunguka. Weka mpira wa kuzibia wa kipimo hicho au silikoni. Mende wengi wa jikoni hupitia hapohapo.

Bomba literemke kiasi gani?

Kwa bomba la inchi 2, sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Bomba la mita 4 liishie sentimita 10 chini ya lilipoanzia. Chini ya sentimita 2 kwa mita, mafuta yanatulia. Pima kwa pimamaji, au kwa bomba la kupitisha mwanga lenye maji ndani. Usipime kwa macho, hasa mlimani, kwa sababu ardhi yenyewe imeinama na jicho linadanganyika.

Kona tumia mbili za digrii 45 badala ya moja ya 90. Na katika kila mahali bomba linapogeuka, acha tii yenye kizibo cha kufungua. Kizibo hicho kimoja ndicho tofauti ya kuzibua kwa dakika 10 na kuvunja ukuta.

Fundi wangu anachoma bomba kwa moto ili liingiane na jingine. Ni sawa?

Hapana, ingawa ni desturi iliyoenea. Bomba likichomwa na kupanuliwa, ukuta wake unakuwa mwembamba na ndani kunabaki makunyanzi. Likikunjwa kwa moto badala ya kuwekewa elbo, tundu linabanwa kwenye kona, mahali palepale pa kuziba. Dai soketi na elbo za dukani. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na kurudia kazi.

Maungio ya gundi yafanywe hivi: kata bomba ncha yake iwe nyoofu, isiinamie upande, kwa msumeno wa chuma, ondoa vinyuzi vya ndani kwa kisu, futa kwa kitambaa kikavu, weka alama ya kina linapoingia, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha robo, shikilia nusu dakika. Acha angalau saa moja kabla ya kupitisha maji. Nati za trapu hazipakwi gundi kamwe.

Bomba linalopita wazi juu ya jiwe lipakwe rangi nyeupe ya maji. Jua la hapa hulifanya PVC likauke na kuvunjika kama biskuti, na watoto wakilikanyaga mara moja limekwisha.

Maji yanadondoka chini ya sinki, lakini sijui yanatoka wapi.

Kausha kila kitu. Ziba sinki, lijaze, subiri dakika 10 bila kuachia. Likidondosha, uvujaji uko kwenye westi, ile sehemu ya chuma yenye matundu iliyo sakafuni mwa sinki: ifungue, safisha, weka silikoni mpya chini ya ukingo wake na washa mpya upande wa chini, kaza, na usiitumie kwa saa 24. Likidondosha baada tu ya kuachia maji, ni maungio ya trapu. Likidondosha muda wote hata sinki tupu, si bomba la majitaka, ni la maji safi.

Mvua ikinyesha maji yanarudi kwenye sinki. Nifanye nini?

Kwanza acha kutumia maji ndani ya nyumba. Unachomwaga bafuni kinaweza kuwa ndicho kinachopanda jikoni. Kisha fungua kifuniko cha chemba iliyo karibu na nyumba.

Chemba ikiwa tupu, mzibo uko kati yake na jiko, na mvua imesadifu tu. Ikiwa imejaa, angalia inayofuata, na inayofuata, hadi ukute tupu. Mzibo uko kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza tupu. Ingiza mwanzi uliopasuliwa au bomba jeusi kutokea kwenye ile tupu kuelekea juu, na usimame pembeni: maji yakiachia huja kwa nguvu.

Zote zikiwa zimejaa hadi shimoni, shimo lenyewe limeshindwa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, sababu huwa tatu. Mabati yanamwaga maji kwenye chemba yenye kifuniko kilichopasuka. Au mtu aliunganisha maji ya paa kwenye mfumo wa majitaka, jambo ambalo halifai kabisa. Au ardhi imejaa maji na haipokei tena, kama ilivyotokea kwa nyumba za kando ya ziwa mwaka 2020 na 2024 kina cha Ziwa Victoria kilipopanda kupita kawaida. Mbili za kwanza unaweza kuzirekebisha kwa siku moja. Ya tatu inataka gari la kunyonya majitaka kwa sasa, na kiangazi kikija, shimo la kunyonyea la kina kifupi lenye eneo pana, mbali na ufuo.

Usiingie shimoni wala kuingiza kichwa, hata kidogo, hata kumwokoa mtu bila vifaa. Gesi ya humo huua kwa pumzi chache na hufuata anayeokoa. Usiwashe kiberiti kuangalia ndani.

Mtego wa mafuta ni lazima nyumbani?

Kwa familia inayopika samaki kila siku, tunaushauri kwa nguvu. Kwa mama lishe na anayekaanga samaki wa kuuza, hatuoni njia nyingine.

Wa nyumbani unaweza kuutengeneza kwa ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko. Toboa tundu la kuingilia sentimita 6 chini ya ukingo, na la kutokea upande wa pili, sentimita 2 au 3 chini ya lile la kwanza. Ndani ya la kuingilia weka elbo inayotazama chini ili maji yasichafue utulivu. Ndani ya la kutokea weka tii: mdomo wa juu uwe wazi, mdomo wa chini uongezewe kipande kinachofika sentimita 10 juu ya kitako. Mafuta yanaelea, mchanga unazama, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka. Ndoo uizike hadi shingoni kati ya jiko na gali-trapu, penye kivuli ili mafuta yagande.

Kila wiki funua na kukomba utando wa juu kwa upawa. Ukifika unene wa sentimita 5 umechelewa. Mtego usiosafishwa hauna faida, kwa sababu mafuta yanajaa na kupita yote. Anayepika biashara ajenge wa tofali wa sentimita 60 kwa 40, kina cha maji 50, ambao ni lita 120, na aukombe kila siku mbili.

Tumeunganishwa na mtandao wa majitaka mlimani. Chemba ya mtaa ikifurika ni kazi ya nani?

Chemba na mabomba ya mtandao ni ya MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya Mwanza: toa taarifa, usiifungue wala kuichokonoa mwenyewe. Kutoka kwenye kiungo kuja nyumbani ni kwako. Kumbuka kwamba mtandao wa maeneo ya mawe umejengwa kwa mabomba membamba yaliyozikwa kina kifupi na unahudumia nyumba nyingi kwa mstari mmoja. Mchanga na mafuta ya nyumba ya juu hutokea kwenye sinki la nyumba ya chini. Ndiyo sababu wavu wa gali-trapu usiuondoe ili maji yaende haraka.

Naweza kuelekeza maji ya jikoni kwenye mtaro wa mvua?

Usifanye hivyo. Mitaro ya mjini huishia Mto Mirongo au moja kwa moja ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalochota maji ya kunywa.

Nikimwita fundi, nimwambie nini?

Mpe majibu ya vipimo vya juu: ni jikoni tu au nyumba nzima, gali ilifurika au la, chemba ipi imejaa, umemwaga dawa gani na lini. Akitaka kuvunja ukuta kabla ya kupitisha waya, mwombe apitishe kwanza. Akimaliza, jaza sinki mpaka juu na uliachie mara tatu mfululizo yeye akiwepo, mtu mmoja akiwa kwenye gali. Mzibo uliotobolewa tundu tu hupitisha beseni la kwanza vizuri. La tatu ndilo linaloanza kusuasua.